Propela Iliyoangalia Nyuma

Kama wiki iliyopita ulinikosa kwenye ukurasa huu, usijilaumu. Aibu zangu haziishi. Ukikosa moja unadaka inayofuata.

Kwa ufupi: mimi ni fundi wa meno ya bandia, mume wa mwanamke mwenye subira inayokaribia kwisha, na baba wa binti mmoja, mkunga. Ugonjwa wangu mnaujua. Nakusanya ndege ndogo za kivita, za vita vya pili vya dunia, zile za chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, ambazo ukiziweka kiganjani unausikia uzito wake. Wenzangu wa chama cha wakusanyaji wananiita Rubani. Sijawahi kupanda ndege. Nikipanda ngazi kubadilisha taa tu, kizunguzungu kinanishika na mke wangu anakuja kunishusha.

Mlisoma jinsi mama mkwe alivyohamia kwetu akapewa chumba cha ndege zangu, nami nikazihamishia karakanani, ambako sasa zinakaa rafu moja na mataya ya plasta ya wagonjwa. Mlisoma pia jinsi mchumba wa kwanza wa binti yangu alivyokuja kujitambulisha, nikamweleza habari za injini mpaka chai ikapoa. Kijana aliomba atoke nje kidogo akapokee simu. Naamini bado anaipokea.

Sasa kuna mchumba wa pili. Huyu ni mpima ardhi, kijana mtulivu, nyumbani tumezoea kumwita Mpole. Safari hii binti yangu anapenda kweli. Yule wa kwanza akitajwa alikuwa anacheka; huyu akitajwa ananyamaza na kutazama pembeni. Wazazi wa pande mbili walipopanga kuonana nyumbani kwao kijana, binti yangu aliniweka kitako asubuhi kabla hatujatoka.

"Baba, leo usitaje ndege."

Nikamwambia sitataja.

"Usiulize, usijibu, usigusie. Hata ikipita juu ya nyumba usiinue kichwa."

Nikaapa. Akaniangalia kwa muda, kama anavyowaangalia waume wanaoapa wodini kwamba hawatazimia.

"Huyu nikimkosa sitatafuta mwingine," akasema. "Sikutishi. Nakwambia tu ujue."

Nilijua hasemi mzaha. Moyo uliniuma, kwa sababu mtoto hapaswi kumwogopa baba yake namna ile siku ya furaha yake. Nikavaa koti, nikakagua mifuko. Nilikuta kitambaa, miwani, na kile kisu changu kidogo cha kuchongea nta ya meno ambacho hukaa mfuko wa juu kila siku. Sikukitoa. Nilikiona cha kawaida, kama vile mtu anavyoona kawaida kuwa na kalamu.

Baba yake Mpole alikuwa mkaguzi wa mizani kabla ya kustaafu. Kazi yake ilikuwa kuingia madukani bila taarifa, kuweka mawe yake ya uzani kwenye mizani ya mwenye duka, na kutazama. Mshale ukidanganya hata kidogo, mizani inafungwa kwa muhuri wa lakiri palepale, na hakuna wa kumbembeleza. Mtaani hawamwiti kwa jina. Ni Mkaguzi, na mke wake ni Mama Mkaguzi, na hata Mpole mwenyewe, alituambia, alipokuwa shuleni wenzake waliogopa kumwibia rula.

Tulipokewa vizuri. Mama Mkaguzi ni mama mcheshi, anakukalisha huku anakuuliza mambo matatu na hangoji jibu. Mkaguzi mwenyewe alitushika mikono, akakaa wima kwenye kiti chake, akatutazama mmoja mmoja. Niliona macho yale yanatafuta mshale ulipolegea.

Nikakaa nilipoonyeshwa. Mbele yangu, ukutani, palikuwa na kabati la vioo.

Wasomaji wangu, sitaki kuwachosha kwa maelezo. Nitasema tu kwamba ndani ya kabati lile mlikuwa na ndege za kivita za chuma, zimesimama kwa safu, hazina vumbi. Ile ya Kiingereza yenye mabawa ya mviringo ilikuwemo. Ile ya Kijapani yenye duara jekundu ilikuwemo pia, ya toleo la mwanzo, ambayo mimi nimeitafuta mpaka nikakata tamaa. Chini ya meza mke wangu alinikanyaga mguu, na hakuutoa.

Nikajitia hamnazo. Nikatazama pazia, nikatazama saa, nikasifia rangi ya ukuta. Nilipomaliza kusifia ukuta nikahamia dari.

"Naona unatazama kabati langu," Mkaguzi akasema.

Nikasema hapana.

"Unalitazama. Unaonaje?"

Binti yangu alinikazia macho. Ningeweza kusema lolote. Ningesema kioo kinang'aa, au mbao imechongwa vizuri. Lakini mimi nilikuwa nimekula kiapo, nikaona njia ya usalama kabisa ni kuonekana mtu asiyejua chochote.

"Midoli mizuri," nikasema.

Kwa sisi wakusanyaji hakuna tusi kubwa kuliko hilo. Mtu anaweza kukutukania ukoo mkapatana. Akiiita ndege yako mdoli, mnagawana njia. Chamani kwetu tuna mzee mmoja, muuza magodoro, aliyeacha kuongea na shemeji yake kwa neno hilohilo. Mimi mwenyewe nilimuunga mkono.

Mama Mkaguzi akaweka kikombe chini. Mpole akainamisha kichwa.

"Midoli," Mkaguzi akarudia, taratibu, kama anaipima. Kisha akasema, kwa adabu iliyonikata maini, kwamba kila mtu ana kiwango chake cha kuona, na hawezi kumlaumu asiyeona. Akamgeukia mke wake akamuuliza kama chakula kiko tayari, kwa sababu wageni labda wana safari nyingine.

Tulikuwa tunafukuzwa. Mke wangu alilijua hilo kabla yangu. Akatoa mguu wake juu ya wangu, akaniinamia sikioni, akasema neno ambalo hajawahi kulisema tangu tuoane.

"Mwambie."

Nikamtazama binti yangu. Alikuwa amefumba macho, lakini aliitikia kwa kichwa.

Basi nikajikohoza. Nikasema, mzee, naomba unisamehe, nimedanganya. Ile ya duara jekundu, ya pili kutoka kushoto, ni ya toleo la mwanzo. Inajulikana kwa magurudumu, kwa sababu matoleo ya baadaye magurudumu yake hayazunguki. Nikasema ile ya mabawa ya mviringo imekaa mahali pabaya, jua la dirishani litaipausha tumbo. Nikasema, kwa sauti ndogo zaidi, kwamba mimi pia ninazo, nyingi, na kwamba nilikatazwa kuzitaja kwa sababu nikianza huwa siachi.

Mkaguzi alinitazama. Halafu uso ule wote, ambao nadhani maduka mengi yalikuwa yameufungia milango, ukafunguka akacheka.

"Alikukataza nani?"

"Hawa wote wawili."

"Na mimi nimekatazwa," akasema. "Mke wangu kaniambia nisiwatishe wageni kwa ndege."

Kuanzia hapo, ndugu zangu, nilikuwa mkwe. Mzee alinishika mkono akaniinua. Alifungua kabati kwa ufunguo aliokuwa nao shingoni, akanipa ile ya duara jekundu niishike. Wasiojua hawawezi kuelewa heshima hiyo. Kwetu, ndege ya mtu huishiki, unapewa. Na ukipewa unaipokea kwa tumbo, kamwe si kwa bawa, na husemi neno mpaka umeirudisha. Niliipokea kwa tumbo. Nilimwona Mkaguzi ameona nilivyoipokea, na nilipoirudisha macho yake yakalainika.

Nyuma yangu nilisikia binti yangu anacheka na mama mkwe wake. Nilidhani, kwa mara ya kwanza tangu nianze kuwasimulia, kwamba nitakosa cha kuwasimulia wiki hii.

Hapo ndipo jirani akapiga hodi, akasema tangi la maji juu ya nyumba limefurika, maji yanamwagikia ukuta wake. Mkaguzi na Mpole wakatoka mbio kufunga bomba. Mama Mkaguzi akawachukua mke wangu na binti yangu jikoni, wamsaidie kupakua. Mzee aligeuka mlangoni akaniambia nijisikie nyumbani.

Kabati lilikuwa wazi.

Nilisimama mikono nyuma, kama mtu mzima. Nikazipitia moja moja kwa macho. Zilikuwa sawa, zote, hakuna iliyopinda shingo wala iliyopungua gurudumu. Nikafika safu ya chini, kwenye kona, nikaona ndege moja ya pua butu, ya zamani, rangi imechujuka ubavuni.

Propela yake ilikuwa imegeuzwa.

Propela ni yale mapanga ya puani yanayozunguka. Yana uso na mgongo, na uso wake una mahali pake pa kuelekea. Kwa ndege hii uso ulikuwa umemgeukia rubani, yaani propela imebandikwa nyuma mbele. Juu ya hayo ilikuwa imelala upande kidogo. Mtu wa kawaida asingeona hata akiitazama mwaka mzima. Mimi niliiona na meno yakaniuma.

Nijitetee kidogo. Kazi yangu yote ni hiyo. Mtu ananiletea taya lake la plasta, jino limekaa upande, nami simwachii mpaka limekaa sawa. Nikienda kwa watu nanyoosha picha ukutani. Nikiwa benki nanyoosha foleni. Mke wangu hanipi tena ufunguo wa kabati la vyombo, kwa sababu nilikuwa naamka kupanga vikombe mikono yake itazame upande mmoja.

Nilijiuliza, kama mkusanyaji yeyote angejiuliza, kama hilo ni kosa la kiwandani. Kosa la kiwandani haliguswi. Lina thamani yake. Nikainama, nikavaa miwani, nikachunguza. Palikuwa na gundi. Gundi nyingi, ya njano, imefurika pembeni na kuganda kama matone ya mshumaa. Kiwanda hakifanyi hivyo. Huyu alikuwa mtu, tena mtu asiye na mkono wa kazi, aliyevunja kitu cha mzee wa watu na kukibandika ovyo. Nikajiambia maskini Mkaguzi, macho yamezeeka, hajui kwamba kuna mpumbavu aliharibu ndege yake.

Nikaona nimfanyie wema bila kumwaibisha. Hicho ndicho nilichokifikiria, na nakiandika hapa ili mnione nilivyo.

Nikatoa kisu cha nta. Gundi ya zamani haina ubishi. Ukiikuta kwenye mshono inang'oka yenyewe. Nikaitoa yote, chembe kwa chembe, nikaikusanya kwenye kitambaa. Nikageuza propela, nikaichomeka kwenye tundu lake, ikakaa kwa mlio mdogo ambao mimi huusikia hata ndotoni. Niliipuliza, ikazunguka. Nikairudisha mahali pake na kurudi kitini. Nilikuwa na furaha isiyo kifani.

Wanaume walirudi wamelowa. Tukanawa, tukakaa mezani. Mkaguzi alinikalisha kulia kwake, akaniongezea sahani kwa mkono wake. Wazee wawili tukawa tunamaliziana sentensi, mpaka Mama Mkaguzi akamwambia mke wangu kwamba sasa watakuwa wajane wawili wenye waume hai. Mambo ya harusi yaliongelewa yakaisha kwa dakika chache, tarehe na ukumbi na nani ataalikwa. Binti yangu aliniangalia akatabasamu. Sikumbuki mara ya mwisho kuniangalia hivyo mbele ya watu.

Chakula kilipokwisha Mkaguzi akasimama. Akasema hakuwa amepanga kusema leo, ila kwa kuwa amepata mwenzake anayeelewa, atasema.

"Maisha yangu yote sikukubali kitu kisicho sawa," akasema. "Mizani ikikosea hata punje, nilifunga. Watu walilia, nikafunga. Mke wangu anajua, hata nyumbani nilikuwa hivyo, na sijivunii."

Mama Mkaguzi alisema kwa upole kwamba kweli, alikuwa hivyo.

"Huyu kijana alipokuwa mdogo alidondosha ndege yangu. Propela ikatoka. Akaogopa kuniambia. Akaenda kutafuta gundi, akaibandika mwenyewe, akairudisha kabatini. Nyuma mbele. Gundi kila mahali." Akamtazama Mpole. "Niliiona siku ileile. Nikachukua chombo niinyooshe. Halafu nikatazama ile gundi, nikaona mtoto wangu ananiogopa kiasi gani. Nikairudisha kama ilivyo. Ni kitu kimoja tu kisicho sawa nilichowahi kukiacha, na nadhani ndicho kilichonifanya niwe baba."

Mpole alikuwa anatazama sahani. Akasema, kwa kunong'ona, kwamba amemsihi baba yake miaka yote amruhusu kuitengeneza, na baba amekataa katakata.

"Na nitakataa," Mkaguzi akasema. "Siku ya harusi nitawapa nyinyi wawili, hivyohivyo ilivyo. Ngoja niwaonyeshe."

Akaelekea kabatini.

Nilisema niilete mimi. Nilisema kwa sauti kubwa kuliko nilivyotaka, nikasimama na kiti kikaanguka. Mkaguzi akacheka akanionyesha kwa mkono nikae, akasema mgeni hatumwi. Nikakaa.

Alirudi ameibeba kwa tumbo, kwenye viganja viwili. Akaiweka katikati ya meza, pua ikiwaelekea wachumba. Alikuwa bado anatabasamu alipoinama kuonyesha kwa kidole. Kidole kikabaki hewani.

Aliitazama kwa muda. Akaigusa propela. Ikazunguka vizuri sana.

"Nani ameigusa?"

Mpole aliinua macho akatazama ndege, akanitazama mimi. Sijui uso wangu ulikuwaje. Nadhani mtu angeweza kuusoma akiwa ng'ambo ya barabara.

"Ni mimi, baba," Mpole akasema. "Niliona aibu. Nisamehe."

Nitawaambia ukweli, kwa sababu nikiwadanganya nyinyi nitabaki bila mtu wa kumwambia. Nilishukuru. Kijana alikuwa amejitwisha mzigo wangu mbele ya baba anayemwogopa tangu utotoni, na mimi nilipumua. Nilijiambia mzee atanuna, atasamehe, ni mwanawe. Hata nilinyoosha mkono kuchukua maji.

"Asubuhi nimeifuta vumbi mwenyewe," Mkaguzi akamwambia. "Gundi ilikuwepo. Tangu hapo hukukaa humu peke yako. Tulikuwa wote kwenye tangi." Hakupandisha sauti. "Unamfichia mtu."

Mkaguzi akaisukuma ndege taratibu juu ya kitambaa cha meza mpaka ikafika mbele yangu.

"Mwenzangu, wewe unajua vitu hivi. Itazame, uniambie huu ni mkono wa nani."

Alikuwa anajua. Mtu aliyeshinda madukani akiwatazama waongo machoni hawezi kukosa mmoja aliyekaa kulia kwake. Alikuwa ananipa nafasi ya kusema mwenyewe, na hilo lilikuwa zito kuliko matusi. Nikavaa miwani. Nikaitazama kazi. Mshono ulikuwa safi, tundu halikuchubuka, hapakuwa na mkwaruzo hata mmoja.

"Ni kazi nzuri," nikasema. Ilinitoka tu.

Mke wangu alifunika uso kwa viganja.

"Ya nani?"

"Ya fundi wa meno," nikasema. "Mzee, ni mimi. Nilidhani nakusaidia."

Mkaguzi alikaa. Nilitegemea afoke, na ningependa afoke. Aliongea kama mtu aliyechoka. Akasema ndege si kitu, ni chuma, angeweza kuisamehe hata kama ningeivunja vipande. Lakini mwanawe hajawahi kumdanganya tangu siku ile ya gundi, na leo amemdanganya mbele ya wageni.

"Na wewe ulimwacha," akaniambia. "Ulikuwa unakunywa maji."

Glasi ilikuwa bado mkononi mwangu. Sikujua pa kuiweka.

Akasema anatushukuru kwa kuja. Akasema habari ya harusi tuiache kwanza, kwa sababu hajui atakaaje meza moja na mtu ambaye mtoto wake lazima aseme uongo kwa ajili yake. Mama Mkaguzi alijaribu kumshika mkono akautoa. Mpole alisimama akasema yeye ataoa hata hivyo, na baba yake akamwambia kwamba anaweza, ni mtu mzima, ila yeye hatakuwepo. Nilimwona kijana anakaa tena. Hakuwa mtu wa kuoa baba yake asipokuwepo, na binti yangu asingempenda kama angekuwa mtu wa namna hiyo.

Binti yangu hakulia. Alizunguka meza akasimama nyuma ya kiti changu.

"Baba," akasema, na nikageuka, lakini alikuwa anaongea na Mkaguzi. "Huyu mzee wangu akiona kitu kimekaa upande hawezi kukiacha. Hakukudharau. Amekuwa hivi tangu nimjue. Nywele zangu za kwenda shule alinigawia njia kwa rula. Nakuomba umpe nafasi airudishe ilivyokuwa."

Sikutaka anitetee. Nilitaka ardhi ipasuke. Lakini mkono wake ulikuwa begani kwangu na haukunibana.

Mkaguzi alifikiri. Mpole akasema airudishe yeye, kwa kuwa ndiye aliyeibandika mara ya kwanza. Baba yake akatikisa kichwa.

"Wewe sasa unapima viwanja vya watu. Hutaweza kuwa mtoto tena. Huyu ndiye aliyeiona mwisho ilivyokuwa, na ndiye aliyeinyoosha."

Akafungua droo, akatoa gundi, ile inayoshika papo hapo, akaiweka mezani kando ya ndege. Akasema nikiirudisha nyuma mbele, imelala upande, na gundi ikifurika kama ilivyokuwa, akaitambua kuwa ni ileile, basi yaliyopita yamepita na tarehe ya harusi inabaki. Nisipoweza, tusilaumiane. Akaenda kusimama dirishani, akatugeuzia mgongo.

Wote walinizunguka. Nilichomoa propela. Nikafungua gundi. Niliweka tone, nikaweka jingine, nikaliacha lifurike ingawa liliniuma kulitazama. Mke wangu alikuwa anasema kitu kwa sauti ya chini, nadhani alikuwa anamwomba Mungu.

Binti yangu aliniinamia. Nilisikia pumzi yake shavuni.

"Baba," akaninong'oneza. "Mara hii tu. Kosea."

Nikaitikia kwa kichwa. Machozi yalinijaa, nikawa sioni vizuri, ila kwa kazi hii mimi sihitaji kuona, vidole vinajua. Nikaichomeka. Nikaikandamiza na kuishikilia kama ninavyoshikilia jino jipya, mpaka nikasikia imeshika. Nikafuta macho, nikaondoa mkono.

Propela ilikuwa imeangalia mbele. Imenyooka, haina kasoro hata moja, na gundi ilikuwa imekwisha kukauka.

Dirishani, Mkaguzi akageuka na kunyoosha kiganja.

"Haya, lete nione."